Ligi Iliyoishia Mwanzoni

Simu ilinikuta nimesimama kati ya mashine zangu mbili za kukamua mawese, nikimgombeza fundi aliyefunga mkanda vibaya. Ilikuwa sauti ya Elie, mtoto wa Melkiori wa Kizuka. Akasema, "Amahoro, muzee Kassimu. Baba ametuacha asubuhi." Nikamuuliza, "Ametuacha namna gani?" kama mjinga, kwa sababu juzijuzi tu nilikuwa nimekaa nyumbani kwao nikibishana na huyo baba yake mpaka mama yao akatuambia twende tukapige kelele kwenye shamba. Elie akarudia neno lile lile. Nikazima mashine. Fundi akadhani hasira imezidi, akaanza kuomba msamaha. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimebaki peke yangu katika ugomvi wa mpira mmoja, ugomvi ulioanza sisi wawili tukiwa hatujaota ndevu vizuri, na huyo wa upande wa pili alikuwa ameondoka bila kukubali.

Habari za baba yangu na mama yangu sitaandika. Waliishi, walifanya kazi, wakafa, na asiyewajua hatapungukiwa na kitu. Nitaandika mwaka mmoja tu. Shule niliiacha darasa la nne, na haya ninayaandika kwa herufi kubwakubwa, halafu binti yangu anayanyoosha. Sioni haya. Nina mashine za mota, nina nyumba ya matofali ya kuchoma, na katika wanaokuja kuniomba kazi wamo wenye diplome. Lakini mwaka ule nilikuwa kijana wa kusukuma mti kwa Mama Siwema, na kitu nilichokitaka hakikuwa mashine wala nyumba. Nilitaka dawati. Nilitaka kukaa kwenye dawati la kolegi, shule ya sekondari, nivae kaki, niitwe jina langu asubuhi na mwalimu na mimi niitike. Wenye kusoma wataona ni kitu kidogo. Ni kwa sababu wao walikaa.

Kwa Mama Siwema palikuwa na banda la mabati, chini udongo mweusi unaoteleza kwa mafuta, pembeni mapipa yanayochemsha chikichi tangu alfajiri, na katikati mtambo wenyewe: pipa la chuma lenye skrubu kubwa, na juu yake mti mrefu unaotoka kila upande. Watu wanaushika mti, wanazunguka, skrubu inashuka, mafuta yanatoka mekundu. Siku hizi mota inafanya kazi hiyo na hakuna anayezungumza na mota. Zamani zile bandani ndipo palikuwa mahali pa kusemea mpira. Mashabiki wa kolegi yetu walikuja pale kwa sababu kuna joto la moto wakati wa mvua, na kwa sababu Mama Siwema alipika maharage na mawese mapya, unayasikia harufu kuanzia barabarani. Alipoona wamekuwa wengi akaweka sheria yake. "Hapa kwangu anayetaka kusema mupira anashika muti. Ukiachia muti, funga kinywa." Hivyo ndivyo alivyokamua mafuta bila kulipa watu. Anayesema sana ndiye anayesukuma sana. Na mechi mbaya zilimtolea mafuta mengi kuliko mechi nzuri, maana mtu akishinda anasema maneno machache anaenda kulala, akishindwa anasema mpaka magoti yanatetemeka.

Ligi yetu ilikuwa ndogo. Kolegi ya hapa Rumonge, kwetu Burundi, ya Kizuka, ya Muhuta na ya Bugarama, basi. Ilianza mvua za kwanza zinapoanza, na mechi zilichezwa wakati wa mwezi mkubwa. Mgeni wa ziwa hili anaweza kushangaa. Wavuvi wetu wanavua ndagala, yaani dagaa, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu ndagala haifuati taa, kwa hiyo siku hizo mitumbwi inalala mchangani, nyavu zinaanikwa, na wanaume wote wako nchi kavu hawana kazi. Hao ndio waliojaza uwanja. Na nyavu zao ndizo tulizofunga magolini, kwa sababu hakuna kolegi iliyokuwa na neti. Wale wa Bugarama walilalamika kila mwaka kwamba wao ni wakulima, mwezi unawahusu nini. Hakuna aliyewasikiliza.

Habari za mechi za mbali zililetwa na Issa. Issa alibeba bidoni za mafuta kwa baiskeli, anashuka na barabara ya ziwa mpaka Muhuta, anarudi, na njiani anaokota kila neno. Mwezi mkubwa wa kwanza sisi tuliwafunga Muhuta hapa nyumbani. Kesho yake Issa akaingia bandani, shati limelowa, akaegemeza baiskeli.

"Kizuka wamewapiga Bugarama," akasema.

"Shika muti kwanza," Mama Siwema akamwambia.

Issa akashika mti karibu yangu. "Wamewapiga mbili. Na ile goli ya pili mulinzi wa goli wa Bugarama alilala kabla mupira haujafika."

"Ulionaka kwa macho, ao ni habari ya sokoni?" Huyo alikuwa Muzee Sadiki, mvuvi, mwenye nyavu tulizoazima. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, na mfukoni hakukosa sindano ya kushonea nyavu hata siku ya Idi.

"Nilionaka miguu. Watu walikuwa wengi mbele."

"Miguu ya nani?"

"Muzee, miguu iliyovaa kaki. Nitajuaje?"

"Basi hukuona mupira, uliona suruali."

Tukacheka tukizunguka. Kisha wakaanza kusema juu ya mlinzi wa goli wa Kizuka, kijana mmoja Melkiori, kwamba ana mikono mirefu na hana maneno, na kwamba anakuwa wa kwanza darasani. Issa alisema, "Yule hata ukimufunga anakupa pole." Hilo la kuwa wa kwanza darasani ndilo lililonichoma. Mimi nilikuwa nasukuma mti na yeye anasoma, na wote wawili tutasimama kwenye uwanja mmoja tumevaa namna moja.

Maana mimi nilikuwa nachezea kolegi bila kuwa mwanafunzi. Direktere wetu, mkuu wa kolegi, mtu mfupi mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye matope, alikuwa ameniona nikicheza mchangani na wavuvi. Akaja mpaka bandani, akasimama mlangoni asichafue viatu.

"Kijana, uliishia klasi ya ngapi?"

"Ya ine, direktere."

"Unajua kusoma?"

"Polepole."

Akanitazama miguu. "Sikiliza. Utacheza na sisi. Kama tukiwa wa kwanza kufika Noeli, Januari nitakuingiza ndani. Utaanza na wadogo, utavumilia. Kama hatuko wa kwanza, sina neno la kuwaambia wakubwa wangu. Umeelewa?"

Nilielewa. Sijawahi kuelewa kitu namna ile. Akanipa shati la kaki la kuvaa siku za mechi, ili wengine wasiulize. Mechi ikiisha nalirudisha ofisini. Mechi ikikaribia nalichukua. Siku nilizokuwa nalo nyumbani nililitundika kwenye msumari mbali na moto, na Mama Siwema akalifua mwenyewe kwa sababu alisema mimi nitaliua. Mawese hayatoki kwenye nguo. Nilijihadhari, nikalishika kwa vidole viwili kama kitu cha maiti, lakini chini ya kwapa lilipata doa la rangi ya machungwa. Mama Siwema alilisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga wa ziwa. Doa likabaki. Akasema, "Usiinue mukono mbele ya direktere."

Mwezi mkubwa wa pili tulikwenda Bugarama, tukatoka sare kwenye uwanja wenye mteremko, na Kizuka wakawafunga Muhuta. Hapo ndipo banda lilipokuwa moto. Kizuka wameshinda zote mbili. Sisi tumeshinda moja na sare moja. Mechi ya mwisho kabla ya Noeli ni sisi na wao, kwetu, kwenye uwanja wa ziwani. Hesabu hiyo hata mimi wa klasi ya nne niliijua: tukishinda tuko juu, tukitoka sare Kizuka wako juu na mimi niko nje. Watu wazima wenye wake na watoto walizunguka mti wakiipanga timu kama wanapanga arusi. Issa alitaka niwekwe mbele kabisa. Muzee Sadiki alitaka nitokee pembeni kulia, "kwa sababu mulinzi wao anapenda mukono wa kuume, umupige ule wa kushoto, chini." Mama Siwema alikoroga maharage, akasema, "Mumuache mutoto ale." Hawakuniacha. Kila mmoja aliyeniona nikila aliniambia mahali pa kupiga. Usingizi ulinipotea. Nikila naona dawati, na nikienda kujisaidia naona dawati.

Siku ya mechi Muzee Sadiki alileta nyavu. Goli la upande wa barabara alilifunga neti nzuri. Goli la upande wa ziwa, lenye mchanga na upepo, alilifunga ile kuukuu yenye viraka vya nyuzi za kila rangi, kwa sababu nzuri hakutaka ipigwe na mchanga. Hilo lilikuwa jambo la akili kwa mvuvi. Nyuma ya goli lile palikuwa na hatua za mchanga, halafu maji. Na jua la alasiri linashukia huko huko, upande wa milima ya Kongo, kwa hiyo anayetazama goli la ziwa anafinya macho. Arbitri, mwamuzi wa mechi, alikuwa mwalimu kutoka Muhuta, mtu mwema, mnene, hakukimbia.

Sitaeleza mechi yote. Kipindi cha pili tulishambulia upande wa ziwa. Nilipata mpira kulia, nikampita mtu mmoja, nikasikia Issa anaita jina langu kutoka kwenye baiskeli yake aliyosimama juu yake. Nikapiga chini, upande wa mkono wa kushoto wa Melkiori. Mkono ulikuja, mrefu kama walivyosema, ukachelewa. Mpira ulipita upande wa ndani wa mlingoti wa goli. Niliuona. Ukaingia kwenye neti, na neti ikaachia kama kitambaa cha zamani, haikutikisika hata, mpira ukaendelea na safari ukaanguka majini. Nilikuwa nimeshainua mikono yote miwili na doa langu, wala sikukumbuka doa. Ndipo nikaona arbitri, kule kati, kiganja juu ya macho, akitazama mpira unaoelea. Akaonyesha kwamba umetoka nje, mlinzi aupige kutoka golini. Na Melkiori, huyo kijana wa kwanza darasani, hakubisha wala hakuruka. Aliingia majini na viatu vyake, akauchukua mpira, akauweka chini taratibu kama anayefanya kazi ya kila siku. Utulivu wake ndio ulioniua. Alipopita karibu yangu akasema, "Umepita nje, kaka. Pole."

Watu waliingia uwanjani. Walimzunguka arbitri, wengine wakimshika shati, wengine wakimuombea maji ya kunywa kwa sababu alikuwa amebadilika rangi. Direktere wetu alifika na viatu vyake, akanishika bega. "Tulia. Neti iko na tundu. Tundu ni ushahidi. Kesho asubuhi madirektere wote wataletwa hapa walione." Nikatulia. Mechi ikamalizwa bila goli, watu wakaenda zao wakisema kesho, kesho. Bandani tulikula sombe, majani ya muhogo, na ndagala siku ile, na hata Mama Siwema aliachia watu waseme bila kushika mti.

Asubuhi madirektere walikuja, na arbitri, na sisi wote nyuma yao. Neti ilikuwa bado imefungwa golini. Direktere wetu akaenda moja kwa moja mahali pale, akapitisha mkono, akapitisha tena. Akainama. Akaenda upande wa pili. Tundu halikuwepo.

"Muzee Sadiki," akaita. "Tundu liko wapi?"

Muzee Sadiki alikuwa amesimama na mikono nyuma. "Nilishona."

"Ulishona lini?"

"Jana. Munapiga kelele na arbitri, mimi nilikaa pale nikashona."

"Kwa nini ulishona, muzee?"

Aliwaza kidogo. Nakumbuka uso wake. Hakuwa anajitetea, alikuwa anatafuta jibu la kweli. "Kulikuwa tundu," akasema.

Direktere wa Kizuka akashika neti, akavuta, akatazama viraka vyote vile, vya bluu, vya kijani, vyeusi. Akasema kwa upole, "Kiraka cha jana ni kipi hapa?" Muzee Sadiki akaonyesha kimoja. Issa kwa kutaka kusaidia akaonyesha kingine. Wale madirektere wakatazamana. Wakasema komite itakaa, jibu litatoka shule zikifunguliwa.

Jioni ile bandani Muzee Sadiki aliulizwa mpaka akaachia mti. "Mikono yangu ilishona kabla sijafikiri," akasema. "Tangu mutoto, nikiona tundu ninashona. Munataka nifanye nini na mikono?" Issa akamwambia angeikata na kuitupa. Muzee akatoka. Hakurudi tena bandani, na watu walipompita mchangani walimsalimu kwa mbali. Mimi sikumsalimu kabisa. Na bado nikimfikiria leo nasema angeshona tena, na mimi katika nafasi yake, mwenye neti, ningeshona pia. Mtu anafanya kile mwili wake umezoea. Lakini ujana hauna mahali pa kuweka fikra kama hiyo. Mimi nilikuwa na mahali pa kuweka dawati tu.

Siku za likizo ile ya Noeli ndizo ndefu kuliko zote nilizoishi, pamoja na zile za ukimbizini. Mashabiki waliendelea kubishana: kama kolegi ya Muhuta itapiga kura upande wetu, kama Bugarama wana hasira na Kizuka, kama arbitri alionekana sokoni akisema hakuona vizuri kwa ajili ya jua. Issa alileta kila siku neno jipya, na kila neno jipya lilikuwa linanipandisha au linanishusha, mpaka Mama Siwema akamkataza. "Ukija na neno la komite, uje na komite yenyewe." Nilisukuma mti hata wasipokuwepo. Mafuta yalitoka kwa hasira yangu, nayo yalikuwa mazuri.

Siku moja nilikwenda kolegi. Mlinzi wa geti alikuwa shabiki, akanifungulia darasa la wadogo. Lilikuwa na vumbi la chaki na harufu ya mbao. Nilichagua dawati karibu na dirisha, ambalo mtu alikuwa amechonga jina lake. Nikakaa. Lilikuwa la watoto. Magoti yangu yaligonga juu, sikujua niyaweke wapi. Nikaweka mikono juu ya mbao kama nilivyoona wengine wakifanya. Mlinzi alisimama mlangoni akitazama nje ili nisione haya. Akaniuliza, "Linakutosha?" Nikamwambia linanitosha. Nilikaa mpaka alipokohoa.

Januari direktere aliniita ofisini. Hakuniambia nikae.

"Komite imekataa. Matokeo yanabaki. Kizuka ni ya kwanza."

"Direktere, wewe mwenyewe uliona."

"Niliona."

"Basi?"

"Basi nilikuambia nafasi ya kwanza. Sikukuambia goli." Akatazama karatasi zake. "Mechi za pili, za kurudiana, utacheza, labda nikuingize mwaka ujao. Leta shati."

Shati nilikuwa nimelivaa. Tangu mechi ile sikuwa nimelirudisha, nikaja nimelivaa, nikidhani nitapelekwa darasani nalo. Nililivua mbele yake, nikalikunja doa likiwa ndani, nikaliweka mezani. Nikatoka kifua wazi, nikapita kati ya wanafunzi waliokuwa wamejipanga mstari kuimba. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Mechi za pili hazikuchezwa. Mambo ya nchi yaliharibika, na mimi si mtu wa kueleza mambo ya nchi. Walioyapata wanayajua, na wasioyapata wasiyasikie kwangu. Nasema tu kwamba alfajiri moja tulikuwa kwenye mchanga ule ule wa nyuma ya goli, tukigombania mitumbwi, na mtumbwi wa Muzee Sadiki ulikuwa umejaa neti. Aliishika ile kuukuu na ile nzuri, akazitupa zote majini ili watu wapate mahali. Akamvuta Mama Siwema, akanivuta mimi ambaye sikuwa namsalimu. Issa alibaki na baiskeli yake, alisema atapita njia ya barabara. Hatukumuona tena. Neti ilizama polepole, naikumbuka ilivyojikunja. Katika watu wote wanaolia kwenye mtumbwi, mimi nilikuwa natazama kama nitaona kiraka. Ndivyo nilivyokuwa. Watu walikuwa wanapoteza kila kitu, na mimi nilikuwa napoteza tundu.

Kambini, Tanzania, nilikuwa kwenye foleni ya unga, jua kichwani, tumbo limeshika mgongo. Nikasikia nyuma yangu sauti ya upole: "Umepita nje, kaka." Nikageuka. Alikuwa amekonda, mikono ndiyo iliyobaki mirefu. Nikamwambia, "Uliingia, mwizi wewe." Tukabishana mpaka tulipofika mbele, na mgawa unga akauliza kama tunagombania mwanamke. Hivyo tukaanza. Mama Siwema alikufa kule kambini, Muzee Sadiki akafuata, na kila aliyeijua ligi ile akawa anaondoka au anasahau. Sisi wawili tukabaki na mechi tatu za mwanzo wa msimu, tunazisema upya kila jioni, maana ligi yenyewe haikuisha na hakuna aliyetuambia nani ni bingwa. Melkiori alifundisha watoto chini ya plastiki. Akaniambia, "Njoo ukae, Kassimu. Hakuna madawati, ni magogo tu, lakini njoo." Nikamjibu siwezi kupewa gogo na mtu aliyeninyima dawati. Siku moja nilipita karibu, nikasimama nje nikisikia watoto wanaitika majina yao, nikaenda kukata kuni. Hakunishurutisha. Jioni akasema tu, "Na bado ulipita nje."

Tuliporudi Burundi yeye alipata kazi ya kufundisha Kizuka, mimi nikaanza na pipa moja bovu. Leo mashine zangu zinasikika mpaka barabara kubwa, na Melkiori alikufa na nyumba yenye bati la zamani. Nilikuwa namwambia hivyo usoni, kwa makusudi. "Ungeacha mupira uingie, ningekuwa mwalimu masikini kama weye." Alicheka mpaka anakohoa. Maji ya ziwa yamepanda miaka hii, yamekula uwanja, yamekula michikichi ya ukingoni. Milingoti ya lile goli haipo. Nilimletea habari hiyo. Akasema, "Basi sasa hata ukitaka kupima huwezi."

Kwa mazishi nilikwenda Kizuka kwa pikipiki, nimevaa koti. Padri alipomaliza, Elie akasimama mbele ya watu kama ilivyo desturi yetu, akasema, "Kama kuna mutu anayemudai baba, ao baba alikuwa anamudai, aseme leo, asikae na kitu moyoni." Hakuna aliyesimama. Halafu nikaona vichwa vinageuka kwangu kimoja kimoja, na Dorotea, mjane, kwenye mkeka wake, akashika mtandio kinywani. Kizuka yote inajua. Elie akatabasamu kwa heshima. "Muzee Kassimu, sisi watoto tumekaa tukasema. Tunakubali mbele ya watu. Ule mupira uliingia."

Nilisimama. Neno hilo nimelingoja tangu nikiwa na shati la kuazima. Lilikuja kutoka kwa mtu ambaye hakuwa amezaliwa, ambaye hakuona jua wala neti, na ambaye kesho atakuwa amelisahau. Alinipa kama mtu anavyompa mzee kiti. Na nikaona kwamba nikilichukua, Melkiori atafukiwa akiwa mwongo, na atakuwa amefukiwa na mimi.

"Weye ulikuwepo?" nikamuuliza Elie.

"Hapana, muzee."

"Mulinzi wa goli alikuwa baba yako, aliyesimama pale. Alisema umepita nje. Mimi simudai kitu."

"Lakini muzee, miaka yote hii—"

"Umepita nje," nikasema. "Muandike hivyo."

Nikakaa. Watu wakaguna, wengine wakapiga makofi kidogo, jambo lisilofanywa makaburini. Mimi nilikuwa nimekaa na magoti yangu, sijui niyaweke wapi. Kama mpira haukuingia, basi hakuna aliyeninyima. Basi nilikaa nje ya darasa maisha yangu yote bila sababu.

Kurudi, nilimwambia kijana wa pikipiki asimame pale ulipokuwa uwanja. Ulikuwa mwezi mkubwa. Wavuvi walikuwa wameanika nyavu kwenye majani, wengine wamekaa wanashona. Maji yalikuwa yanapiga mahali alipokuwa amesimama arbitri. Nikashuka mpaka viatu vikalowa.

"Uliingia, Melkiori," nikasema.

Nikangoja. Mvuvi mmoja aliinua kichwa, akakirudisha kwenye sindano yake.

"Unaongea na nani, muzee?" kijana wa pikipiki akauliza.

Nikamwambia awashe twende.